Chai yangu ya Idd ilikataliwa, sasa binti yangu naye kaja na maneno yaleyale

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Huu ni mwaka wangu wa tatu hapa Leeds, Uingereza, pamoja na mume wangu na binti yetu wa miaka 16. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani wale wasiojiweza. Kazi inachosha mgongo, lakini riziki ni riziki.

Katika zamu yangu yupo mama mmoja, mwenyeji wa hukuhuku Yorkshire, anakaribia miaka 60. Ndiye aliyenipokea siku ya kwanza. Alinifundisha kutumia ile mashine ya kumnyanyulia mzee bila kumuumiza, na siku theluji ilipozuia mabasi alinirudisha nyumbani kwa gari lake ingawa kwake ni upande mwingine wa mji. Nilimweka moyoni kama dada yangu mkubwa.

Idd al-Fitr iliyopita iliniangukia zamu ya asubuhi. Nikasema siwezi kuila Idd peke yangu. Niliamka saa tisa usiku nikapika vitumbua, nikakaanga kaimati nikazitia shira, na chai ya maziwa nikaipika kama anavyoipika mama: tangawizi nimeitwanga mwenyewe, iliki, mdalasini, punje chache za pilipili manga, majani yakachemkia humohumo ndani ya maziwa mpaka rangi ikaiva. Chai nikaijaza kwenye chupa ya chai kubwa, vitafunio nikavitia kwenye hotipoti.

Wakati wa mapumziko walikula wote. Yule mama alikula vitumbua vinne, nilikuwa namhesabia kwa furaha. Nikammiminia chai. Alikunywa mafunda mawili, akaweka kikombe chini, akanishika mkono akasema: "It's lovely, love, but it's not my cup of tea." Kisha akainuka akajitengenezea yake: kijipakiti cha majani kwenye kikombe, maji ya moto, halafu maziwa ya baridi kutoka kwenye friji. Chai ile, Shangazi, mimi naiona kama maji yaliyosuuziwa sufuria.

Nilijikaza mbele za watu, lakini nilipofika chooni machozi yalinitoka. Kwetu mtu hakwambii hivyo. Hata kama chakula hakikupandi, utaonja, utashukuru, utasema umeshiba. Kukataa chai ya mtu siku ya Idd ni kumkataa mwenyewe.

Siku kama kumi baadaye alinirudishia hotipoti yangu. Ndani alikuwa ametia mabua mekundu, kayakatakata urefu wa kidole. Nilidhani yanatafunwa kama muwa, nikatia kimoja kinywani. Ukali wake, ukwaju una nafuu! Nikaona huyu ananidhihaki: mimi nilimpa asichokipenda, na yeye kanichumia magugu ya bustani yake. Niliyamwaga kwenye pipa la taka. Tangu hapo namsalimia kwa ajili ya kazi tu. Ameniuliza mara mbili kama niko sawa, nikamjibu niko sawa.

Kilichonifanya nikuandikie kimetokea wiki iliyopita. Tulialikwa harusi ya Waswahili wenzetu. Nilikuwa nimemwagizia binti yangu dera kutoka nyumbani, la rangi ya machungwa lenye maua makubwa, zuri mno. Akasema atavaa abaya lake la kijivu. Nikamwambia kijivu si rangi ya kwenda harusini. Akanijibu: "Mama, each to their own." Yaani kila mtu na lake! Mtoto niliyemzaa mimi ananiambia kila mtu na lake. Nilimfokea mpaka baba yake akaingilia kati, na kwa siku tatu hakunitazama usoni.

Shangazi, haya maneno yao yana maana gani hasa? Huyu mama nimfanyeje? Na mtoto nimrudishe vipi kabla hajapotea?

Mwenye Chai, Leeds

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye hotipoti. Nitaifikia. Kwanza nataka tuyafungue yale maneno, maana uliyatafsiri ukiwa tayari umeumia.

"Not my cup of tea" ni "si kikombe changu cha chai". Wewe ulikuwa na msiba wa kuambiwa hivyo huku umeshika chai kwelikweli, ndiyo maana yakakuchoma maradufu. Lakini Waingereza huyasema kwa kila jambo: kwa mpira, kwa muziki wa makelele, kwa rangi ya mapazia. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wakiyasema kwa upande wa kupenda. Mtu au kitu kikimkaa mmoja wao vizuri rohoni, husema huyo ndiye kikombe changu cha chai. Kuyakanusha kukaja kuzoeleka baadaye. Sasa tazama uzito wa msemo umelalia wapi: umelalia kwenye "changu". Alianza kwa kukwambia chai ni nzuri, halafu akajisema yeye, ulimi wake na mazoea yake. Ningekuwa nimekaa kati yenu siku ile ningekutafsiria hivi: "Nzuri mpenzi, ila mimi sikuizoea."

Najua utauliza, kwa nini basi isiwe uji au mkate, kwa nini chai? Mimi niliishi Bradford, hapo jirani yenu, miaka minane, na jambo lililonichukua muda kulielewa ni hili. Sisi chai tunaipika sufuria moja. Mama anatia sukari humohumo, anatia tangawizi humohumo, na nyumba nzima, mgeni akiwemo, inakunywa ladha moja. Anayesema chai hii siitaki amejitoa kwenye sufuria, na anayejitoa kwenye sufuria amejitoa kwenye nyumba. Wao chai wanaitengeneza kikombe kimoja kimoja. Huyu anataka nzito, yule anataka nyepesi. Huyu sukari mbili, yule hataki kabisa. Huyu maziwa yatangulie, yule yafuate, na juu ya hilo la maziwa watu wa nyumba moja watabishana maisha yao yote na wakapendana. Fikiria hapo kazini kwenu: nina hakika unajua kila mzee anataka yake vipi, na ukikosea anakwambia. Haoni kwamba amekutukana, na wewe huoni kwamba umetukanwa, unamwaga unatengeneza nyingine.

Na kikombe hicho kina historia yake. Mwezi wa Julai 1940, wakati wa vita, serikali yao ilianza kuwapimia watu chai: aunzi 2 kwa wiki kwa mtu, kama gramu 57, na hali hiyo haikwisha mpaka Oktoba 1952. Wale unaowalisha walio na miaka 85 na zaidi wamekulia katika nyumba ambamo kopo la majani ya chai lilitazamwa kama sisi Tanzania tulivyoitazama sukari mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aliyepitia hayo anajua kikombe chake kikoje, na watoto wake wanarithi.

Kuhusu hicho kijipakiti unachokiona maji ya sufuria, kuna la kukwambia pia. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazowauzia Waingereza chai kwa wingi, na kwenye mnada wa Mombasa chai ya Kenya huuzwa pamoja na ya Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania. Jani hukatwakatwa na kuviringwa mpaka likawa punje ndogondogo, ili litoe rangi upesi kwenye kikombe cha mtu mwenye haraka. Basi yumkini kabisa kile alichokunywa mwenzako kilichumwa Kericho, au kwetu Mufindi au Rungwe. Jani la mlima uleule, wewe ukalipikia maziwa na iliki, yeye akalimwagia maji ya moto. Wewe umeniandikia mimi kwamba chai yake ni maji machafu. Yeye chai yako aliiita nzuri, mbele za watu, akiwa amekushika mkono. Sikwambii haya kukusuta. Nataka uone kwamba ulimi wako nao una mipaka yake, ila haujawahi kulazimika kuitamka.

Lakini huhitaji kwenda Uingereza kutafuta adabu hii. Ulisoma madrasa Tanga, na hadithi ya Abu Huraira nina hakika ulifundishwa: Mtume (SAW) hakupata kukitia kasoro chakula, akikitamani alikula, asipokipenda alikiacha. Na ipo nyingine inayofanana na kisa chako mpaka nashangaa. Mtume alikuwa nyumbani kwa Bi Maymuna, ikaletwa nyama ya dhabbu, yule mjusi mkubwa wa jangwani, imechomwa. Alipoambiwa ni nyama gani akauondoa mkono wake. Khalid bin Walid akamuuliza kama ni haramu. Akajibu, hapana, lakini haipatikani katika ardhi ya watu wangu, ndiyo maana nafsi yangu haiipendi. Khalid akaivuta kwake akaila, na Mtume akimtazama.

Isome tena taratibu. Hakuiita mbaya. Hakumzuia anayeipenda, wala hakuinuka kwenye sinia. Sababu aliyoitoa ni ya kwake mwenyewe, ya kwao alikozaliwa. Huyo mama wa Yorkshire hajui hadithi hii, lakini alichokifanya mezani kwako kimekaa palepale: alionja chai, akasifu, akajisema, na vitumbua vyako alivila. Vinne, mwanangu! Na kitumbua nacho kina iliki.

Sitakudanganya kwamba misemo hii daima ni ya wema. "Each to their own" inaweza kutamkwa kwa nyusi zilizopanda, na hapo maana yake ni "wewe na mambo yako ya ajabu." Ukiishi huko utakutana nayo, na utaitambua kwa sauti, kwa macho, na kwa kile mtu anachofanya baada ya kusema. Ndiyo maana narudi kwenye hotipoti.

Kwetu pwani chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa sahani ya futari, siku ya kuirudisha utatia chochote, hata ndimu mbili. Wewe umelelewa hivyo, nami nimelelewa hivyo. Sasa mtu ambaye hakulelewa Tanga, hakufundishwa na bibi yake, amekurudishia chombo chako na kitu ndani. Nawe ukakimwaga.

Mabua yale Waingereza wanayaita rhubarb, nasi tuyaite rubabu. Hayaliwi mabichi hivihivi. Hupikwa na sukari. Na umeishi miaka mitatu Leeds bila mtu kukwambia uko kwenye nchi yake! Eneo la kati ya Wakefield, Morley na Rothwell, yaani ukingoni mwa mji wenu, linajulikana kote Uingereza kwa rubabu. Wakulima huikuza mizizi shambani kwa miaka miwili, kisha wakati wa baridi huihamishia kwenye mabanda ya giza totoro, na mabua yakichipua huchumwa kwa mwanga wa mishumaa, kwa sababu mwanga mwingi huyakomaza na kuyatia ukali. Tangu 2010 jina la rubabu hiyo ya Yorkshire linalindwa kisheria, asiyeilima hapo haruhusiwi kulitumia. Ya mwenzako ilikuwa ya bustanini, ya kuchumwa juani, lakini fahari ni ileile. Ni kama wewe umtilie mtu maembe ya uani kwenu.

Na umesema aliyaleta yamekatwakatwa. Majani ya mmea huo ni sumu, bua ndilo linaloliwa. Kwa hiyo alikaa jikoni kwake, akayakata majani akayatupa, akaosha, akakata vipande vinavyoingia kwenye hotipoti yako. Mwenye kukudhihaki hachukui tabu hiyo. Kosa lake ni moja, hakukwambia yapikwe, kwa kuwa kwake ni jambo ambalo hata mtoto analijua. Nawe ulipommiminia chai hukumwambia ina pilipili manga.

Wana msemo wao mwingine, wa zamani zaidi, kwamba chakula cha mmoja ni sumu ya mwenziwe. Mshairi wa Roma aliyeitwa Lucretius alikwisha kuliandika wazo hilo zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Huo mimi siupendi sana, una ukali. Bibi zetu walilisema jambo hilohilo kwa upole zaidi: kipenda roho hula nyama mbichi.

Sasa tuje kwa binti yako, maana naona huko ndiko jeraha lenyewe liliko. Chai ilikuuma, lakini "kila mtu na lake" ilikuogofya. Nakuelewa. Kwa Kiswahili maneno hayo ni ya kukata. Jirani akikwambia "basi, kila mtu na lake", ujue kesho hamkopeshani chumvi. Ulimsikia mtoto kwa masikio ya Tanga. Yeye alikuwa anasema Kiingereza cha shuleni kwake, na huko maneno yale hayakati kitu. Ni sawa na kusema wewe penda dera, mimi napenda abaya, twende zetu harusini. Alichokuwa anakiomba ni ruhusa ya kupenda kijivu.

Na mbona unaogopa? Mtoto wa miaka 16, anaishi Leeds, kaachiwa achague mwenyewe, kachagua abaya. Wapo mama wengi huko wangelia kwa furaha. Hakukataa stara, wala kwenda harusini na mama yake. Kilichowagombanisha ni rangi. Kumbuka dukani kwa kanga: mnakwenda ndugu watatu, mama mmoja, baba mmoja, na kila mmoja anatoka na doti yake. Mmoja kapenda jina, mwingine kapenda pindo, wa tatu kachukua ile ambayo wawili mmeicheka. Hakuna aliyesema ukoo umevunjika.

Yapo mambo ya kumshikilia mtoto, na kwa hayo usilegeze: sala, heshima kwa wakubwa, ukweli, anatoka na nani na anarudi saa ngapi. Kijivu hakimo. Ukipigania kila kitu kwa sauti moja, hatajua lipi ni la dini, lipi la adabu, na lipi ni la macho ya mama tu. Mwite, mkae. Mwambie kwa Kiswahili kwamba yale maneno kwa lugha yetu yanasikika kama kufunga mlango, na kwamba akitaka kukwambia analopenda aseme, "Mama, mimi napenda hivi." Kisha na wewe mwombe radhi kwa kumfokea. Ndiyo, mwombe. Na lile dera usilitupe wala usimlazimishe, livae wewe. Rangi ya machungwa inaonekana inakupendeza, maana uliisifia kwa maneno mengi kuliko vitumbua.

Kwa mwenzako, usiniandikie tena kabla hujakwenda. Mkute wakati wa mapumziko, mwambie ulivyoumia siku ya Idd na kwa nini: kwamba kwenu chai ni sufuria moja. Mwambie sasa umeelewa. Kuhusu pipa la taka, mwambie pia. Mtu aliyekuuliza mara mbili kama uko sawa anastahili jibu la kweli. Mwambie ulitafuna bua bichi ukadhani ni dhihaka, na umuulize yeye huyapika vipi.

Akikupa mengine, yapike hivi. Kwa nusu kilo ya vipande tia sukari robo kikombe kwanza, uongeze baadaye kwa kuonja, na maji vijiko viwili tu kwa sababu yenyewe hutoa maji mengi. Moto mdogo, usikoroge sana, dakika kumi hivi yatalainika. Kisha twanga kipande cha tangawizi, kama kidole gumba, ukitie humo. Hilo wenyewe wanalijua vizuri. Rubabu na tangawizi wamezipika pamoja jamu kwa vizazi. Tangawizi aliyoishindwa kwenye chai huenda akailamba kwenye kijiko. Waingereza hula na kastadi ya moto. Mimi nilikuwa nakula na mkate wa kumimina uliolala, nikiuchovya.

Mtilie kwenye hotipoti ileile. Rubabu ya bustanini huchumwa mpaka mwezi wa Juni, kwa hiyo bado una muda, lakini si mwingi.

Shangazi